Mikoko ya Gazi na Daftari la Kijiji

Ukivuka Likoni ukashika barabara ya Lungalunga, ukaipita Ukunda na kuendelea kusini, yapata kilomita 50 kutoka Mombasa utakuta njia inayokata kushoto kwenda baharini. Ndiyo njia ya Gazi. Wanaosoma historia wanaijua Gazi kwa sababu ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyefanya makao yake pale katika karne ya 19 kabla ya kupambana na Waingereza. Siku hizi wageni wanaofika, wakiwemo maprofesa, maafisa wa serikali na wanavijiji wa nchi nyingine, wanakuja kwa ajili ya mikoko. Wanataka kuona vipi vijiji viwili vya Kwale, Gazi na jirani yake Makongeni, viliweza kulipwa kwa kuuacha msitu usimame, na vipi malipo hayo yakageuka maji ya bomba na vitabu vya shule.

Mradi wenyewe unaitwa Mikoko Pamoja. Ulipata cheti mwaka 2013 kutoka Plan Vivo, shirika linalosimamia viwango vya miradi ya kaboni ya wanavijiji, na unatajwa kuwa mradi wa kwanza duniani ambapo jamii iliuza kaboni iliyohifadhiwa na mikoko. Mwaka 2017 ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Eneo linalolindwa chini ya mradi ni hekta 117 tu, ilhali msitu wote wa ghuba ya Gazi unazidi hekta 600. Ni mradi mdogo, na nina hakika kwamba udogo huo ni sehemu ya nguvu yake. Mengi yanayosemwa kuhusu maendeleo endelevu na sera za tabianchi husemewa katika kumbi za mikutano mbali na sisi. Gazi unaweza kuyafuata kwa miguu, kutoka kwenye matope ya msitu hadi kwenye bomba.

Mimi ni mtoto wa pwani hii ya kusini, na babu yangu alikuwa mkata boriti. Kwetu nyumbani ilikuwa kawaida kusikia mti ukitajwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fito ni za kujengea kuta za udongo, boriti ni za kubebea dari. Wakataji waliingia na mashua maji yakijaa, wakakata maji yakipwa, wakatoka na mzigo maji yakirudi. Boriti nyingi za mwambao wetu, hasa za Lamu, zilipakiwa kwenye majahazi yaliyosubiri kusi ivume yaende Uarabuni. Katika nyumba za kale za Oman, Bahrain na Kuwait, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyotoka huku kwetu. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982.

Lakini hata alipokuwa na shoka lake mkononi, babu hakuwa na msitu. Serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko yote ya Kenya kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1932, na tangu hapo mkataji amekuwa mtu wa leseni. Afisa ndiye aliyeamua nani akate, wapi na kiasi gani, na mwanakijiji alijua habari ya msitu wake pale tu alipozuiwa. Katika miaka ya 1970 miti ya Gazi ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya tanuri za viwanda, na sehemu za ufuo zikabaki wazi. Pale miti ilipoondoka, matope yalikauka, mchanga ukahama, bahari ikaanza kula ardhi. Kaa wakapungua, na samaki wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko wakakosa pa kujificha. Waliopata faida ya kuni zile hawakuwa watu wa Gazi, lakini hasara ilibaki Gazi.

Kazi ya kuurudisha msitu ilianza mapema miaka ya 1990. Taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo chake hapo hapo kijijini, na mtaalamu wake Dkt. James Kairo alianza kupanda mikoko kwenye sehemu zilizokuwa tupu pamoja na wanakijiji. Jambo hilo nalitilia uzito sana. Mradi wa kaboni ulipokuja, ulikuta watu ambao kwa miaka 20 hivi walikuwa wamepanda miche kwa mikono yao, wameona ipi inashika na ipi inasombwa na bamvua, na wanawajua wanasayansi kwa majina kwa sababu ni majirani zao. Walijua kwamba mlilana ndio unaostahimili mbele kabisa, usoni kwa mawimbi, kwamba mkoko wenyewe unafuata nyuma yake, na kwamba mkandaa na mchu hukaa juu zaidi kuelekea nchi kavu. Elimu hiyo hailetwi na mgeni wa wiki moja.

Sasa hiyo kaboni ni nini, na inauzwaje? Mti wowote huvuta hewa ukaa na kuijengea mwili wake: shina, matawi, majani, mizizi. Mti ukikatwa na kuchomwa, hewa ile hurudi angani na kuzidisha joto la dunia. Mikoko ina jambo lake la ziada. Matope yake yamejaa maji na yamekosa oksijeni, kwa hiyo majani na mizizi inayofia humo huoza polepole mno, na kaboni yake hubaki chini ya ardhi kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana hekta moja ya mikoko huweza kushika kaboni mara tatu hadi tano ya hekta ya misitu mingi ya tropiki ya nchi kavu. Ukiukata msitu wa mikoko umefungua ghala la chini pia.

Wanavijiji waliofunzwa huingia msituni, wakapima vipande vilivyowekewa alama, wakazungusha utepe kwenye mashina na kuandika unene na urefu. Kutokana na vipimo hivyo wataalamu hukadiria kiasi cha hewa ukaa ambacho msitu umekizuia kwa mwaka. Mradi ulipangwa kuuza takriban tani 3,000 kila mwaka kwa muda wa miaka 20. Wanunuzi ni kampuni na watu binafsi wa ng'ambo wanaotaka kufidia hewa wanayoichafua. Mauzo hupitia shirika dogo la hisani lililosajiliwa Uskoti, liitwalo ACES, na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier kimekuwa mshirika katika utafiti tangu mwanzo. Katika miaka ya awali mapato yalikuwa kati ya dola 12,000 na 15,000 kwa mwaka.

Kwa vijiji viwili vyenye maelfu ya watu, hizo si pesa za kumtajirisha yeyote. Lakini tazama zilikokwenda. Makongeni na Gazi zimepata maji safi ya bomba. Shule zimepata vitabu, na majengo yamekarabatiwa. Na kila jambo katika hayo lilipita njia ileile: kamati iliyochaguliwa na wanavijiji hukusanya mahitaji, mahitaji yanaletwa mbele ya baraza la kijiji, watu wanabishana, wanakubaliana, na baadaye kamati inarudi mbele ya watu hao hao kueleza pesa zimetumikaje. Mzee anayeketi barazani Gazi anaweza kuuliza kuhusu fedha za mradi na mtu akawajibika kumjibu. Kwangu mimi, hapo ndipo penye siri yote ya Gazi. Sayansi ya kupima mikoko inaweza kufanywa popote penye utepe na daftari la vipimo. Daftari la fedha likiwa wazi mbele ya kijiji, hilo ni jambo adimu.

Mlango wa kisheria ulifunguliwa na Sheria ya Misitu ya 2005. Kwa mara ya kwanza tangu 1932, wanajamii waliruhusiwa kuunda chama kilichosajiliwa na kutia mkataba na shirika la misitu la serikali, KFS, ili wausimamie msitu pamoja. Watu wa Gazi waliingia kupitia chama cha Gogoni na Gazi. Bila karatasi hiyo wasingekuwa na cha kuuza, kwa sababu msitu bado ni mali ya umma. Sera ya nchi na juhudi ya kijiji zilikutana kwenye karatasi hiyo.

Kuna swali ambalo miradi mingi ya mazingira hulikwepa: ukimkataza mama asikate kuni, jioni apikie nini? Mikoko Pamoja walilikabili kwa kupanda mivinje nje ya msitu, ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kugusa mikoko. Mvinje hukua haraka, na fito zake zinafaa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona ulinzi wa msitu ukigeuka vita kati ya askari na akina mama wenye mizigo ya kuni kichwani, na katika vita hivyo hakuna mti unaopona. Akina mama wa Gazi wenyewe walikuwa wameshaonyesha njia nyingine kabla hata ya kaboni kuuzwa. Walijenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, wakawa wanawatembeza wageni na kuwapikia samaki na wali wa nazi. Ukataji wa boriti siku zote ulikuwa kazi ya wanaume na pesa za wanaume. Njia ile ya mbao iliwapa wanawake kipato chao kutoka msitu uleule, ukiwa umesimama.

Nimeketi pia katika vikao vya namna nyingine kabisa. Katika kijiji kimoja cha pwani ambacho nakijua vizuri, tuliitwa chini ya mwembe kuzungumzia mradi ambao ungegusa ufuo wetu. Karatasi zilikuwa za Kiingereza kitupu, kurasa nyingi. Kijana mmoja alitufasiria kwa dakika chache, tukagawiwa soda na nauli, ikapitishwa orodha ya mahudhurio tukatia sahihi. Wazee waliouliza maswali waliambiwa yatajibiwa baadaye. Miezi ikapita, na tulipokwenda kulalamika tulionyeshwa orodha ile ile ya mahudhurio kuwa ushahidi kwamba jamii ilishauriwa na ikaridhia. Hasira ya siku ile sijaisahau, na ndiyo iliyonifanya nianze kufuatilia ni wapi watu wa kawaida wameshika usukani kweli.

Katiba ya Kenya ya 2010 haina utata juu ya jambo hili. Kifungu cha 69 kinaitaka dola ihimize umma kushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Tatizo liko kwenye utekelezaji. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma nchi nzima, kwa nia ya kuokoa vyanzo vya maji. Marufuku hiyo iliikumba Lamu pia, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ambayo kwa ujumla ni hekta 61,000 hivi. Kule zipo familia ambazo hazina kazi nyingine isipokuwa boriti, zenye leseni halali. Amri iliyofikiriwa kwa ajili ya misitu ya milimani ikazifungia riziki, na ilibidi wakataji wapaze sauti hadi mwaka 2019 ndipo waruhusiwe tena. Kama wangeulizwa mwanzo, wangewaeleza maafisa kwamba mkataji wa Lamu anaujua msitu wake, anajua sehemu ya kupumzisha na sehemu ya kuvuna, na kwamba angefaa kuwa mlinzi wa kwanza.

Upande wa kaskazini hali imefika mahakamani. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyamapori ziliundwa kinyume cha katiba, bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuuza kaboni ya ardhi ya malisho. Inaumiza zaidi nikikumbuka kwamba Isiolo hiyo hiyo ndiko kulikofanyiwa jaribio zuri la hazina ya tabianchi ya kaunti. Wananchi walikaa katika kamati za wadi wakaamua wenyewe fedha ziende wapi, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kuimarisha dedha, baraza la wazee wa Kiborana linaloamua mifugo ichunge wapi wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Mfano huo wa kamati za wadi umeenea, na leo kaunti nyingi za Kenya zina sheria na hazina ya namna hiyo. Kama hujui ni nani anayekaa katika kamati ya wadi yako, nenda kaulize kwa afisa wa wadi wiki hii.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirekebishwa Septemba 2023, siku chache kabla ya viongozi wa Afrika kukutana Nairobi kwa mkutano wao wa tabianchi. Sasa mradi wa kaboni unaofanyika kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika, uliosajiliwa. Kwa miradi ya ardhi, jamii inatakiwa ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Kwa miradi isiyotegemea ardhi, asilimia 25.

Asilimia 40 inasikika vizuri masikioni. Rudi usome tena maneno "baada ya kuondoa gharama". Gharama zinahesabiwa na nani? Mishahara ya ofisi ya Nairobi imo? Tiketi za ndege na ada za washauri zimo? Mwenye mradi akitaka, gharama zinaweza kumeza karibu mapato yote, na jamii ikapewa asilimia 40 ya kilichobaki sahanini, nayo isiwe na la kusema. Kijiji kisichoona hesabu za upande wa gharama hakiwezi kujua kama kimelipwa haki yake. Kwa hiyo kiwango kilichoandikwa katika sheria kitakuwa na maana pale tu ambapo watu watapata vitabu vya hesabu na kuna mtu miongoni mwao anayeweza kuvisoma. Vijana wetu wengi wamesomea uhasibu na wako nyumbani bila ajira. Wawekeni kwenye kamati hizi.

Wapo wanaopinga biashara yote ya kaboni, na hoja yao naiheshimu. Wanasema tajiri wa Ulaya ananunua ruhusa ya kuendelea kuchafua, na mvuvi wa Gazi anafanywa mlinzi wa dhambi za mwingine. Kenya inatoa chini ya asilimia 0.1 ya hewa ukaa ya dunia nzima. Si haki sisi tubebe mzigo wa kuipoza dunia kwa malipo ya dola chache kwa tani. Msimamo wangu ni huu: mnunuzi apunguze kwanza uchafuzi wake mwenyewe, na alipe bei inayolingana na kazi ya kulinda msitu kwa miaka 20. Lakini siwezi kumwambia mama wa Makongeni anayechota maji karibu na nyumba yake kwamba angesubiri mpaka mataifa yamalize kubishana.

Na kijiji peke yake hakiwezi yote. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha matope mengi mno kutoka bara kupitia mito, yakafunika mizizi ya mikoko inayopumulia juu ya ardhi, na miti ikafa kwa maeneo makubwa katika mwambao, ikiwemo Mwache karibu na Mombasa. Mlinzi wa msitu wa pwani hawezi kuzuia udongo unaomomonyoka kwenye mashamba ya mbali huko juu. Hilo ni jukumu la serikali za kaunti na ya taifa, za kilimo na maji na misitu kwa pamoja. Tunapodai nafasi ya wananchi tusiwape wakubwa kisingizio cha kutua mzigo wao juu ya kamati ya kijiji.

Mfano wa Gazi umeshavuka mipaka ya Gazi. Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vimeanzisha mradi wao wa mikoko wenye hekta 460, takriban mara nne ya ule wa kwanza. Wawakilishi wa kampuni za kaboni nao wanazunguka mwambao mzima na bara, wakiwa na mikataba mikononi, mingine ya miaka 30 au zaidi. Msomaji, huenda wakafika kwenu kabla ya mwaka huu kwisha. Wakija, wapokeeni vizuri, muwape maji, kisha muwaulize: nani atashika daftari la hesabu, na tutalisoma lini? Gharama gani zitatolewa kabla ya sisi kulipwa? Kuni na malisho tutapata wapi? Bei ya tani ikipanda, sisi tutapandishiwa? Na tukitaka kutoka kabla ya muda kwisha, tutatokaje? Dai mkataba uandikwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu, ukae kijijini mwezi mzima usomwe kwa sauti barazani, na kila ukurasa upewe mwanasheria asiyelipwa na kampuni. Wakikataa lolote katika hayo, waageni kwa heshima na msitie sahihi, hata kwenye orodha ya mahudhurio.